Floribert alikataa matabishi

Mutu mumoja anaweza kufanya nini? Floribert Bwana Chui wa Goma, kijana wa miaka 26, alikuwa na kazi ya kupima vyakula kwenye mupaka. Mu 2007 walimuletea franga ili aache muchele wenye kuoza upite. Alikataa, sababu watu wangeukula na kugonjwa. Wakamukamata, wakamuua tarehe 8 Julai. Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Eklezia ilimutangaza Mwenye Heri.

Na sisi wa Lubumbashi? Baba wa kazi ya Kasumbalesa ao ya mugodi akileta matabishi ku nyumba, watoto wanajifunza nini? Mama, usiulize tu: «Umeleta ngapi?» Uliza pia: «Zimetoka wapi?» Imani inaanzia pale, ku meza yetu.