Kuandika Orodha ya Vyuo kwa Hadhari

Kijana wa Tanzania aliyehitimu kidato cha sita, akiwa na matokeo mkononi na matamanio moyoni, aghalabu huandika chuo kimoja tu, nacho ni kile ambacho majirani watakisikia kwa taadhima. Na lau mlango huo ukafungwa, hujikuta hana kizingiti kingine cha kusimamia.

Tutazame udaktari wa binadamu. Sharti la chini ni kufaulu fizikia, kemia na baiolojia kwa daraja lisilopungua D kila somo, yaani pointi 6, maana D ni 2 na A ni 5. Lakini kutimiza sharti si kupata nafasi, na hapo ndipo wengi wanapoghurika, kwani waombaji ni wengi kuliko viti, na chuo huchagua kuanzia juu. Basi mwenye pointi 9 hakosei kuiandika Muhimbili, maadamu ataongeza chuo kinachopokea watu wa alama kama zake, na, fauka ya hayo, kozi moja, labda uuguzi, labda kilimo pale Sokoine, Morogoro, ambayo alama zake zinaitosheleza kwa wasaa na ambayo yeye mwenyewe yu radhi kuisoma. Hilo la mwisho husahauliwa mno, na sisi wazazi, tukiri, tuna sehemu yetu ya lawama.

Akikubaliwa na vyuo zaidi ya kimoja, atathibitisha kimoja tu. Kabla ya kulipa ada ya maombi, basi, msome pamoja mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka huo.