Uwanja wa Ndege wa Kamuzu na Wasafiri wa Dzaleka

Lilongwe ilipofanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975, badala ya Zomba, wageni kutoka ng'ambo walikuwa bado wakishukia Chileka, karibu na Blantyre, kusini mwa nchi. Mji mpya ulihitaji uwanja wake. Ukajengwa Lumbadzi, yapata kilomita 25 kaskazini ya mji, ukafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la Rais Kamuzu Banda. Baada ya uchaguzi wa 1994 jina hilo liliondolewa, kisha miaka kadhaa baadaye likarudishwa. Mwaka huo huo wa 1994, Dzaleka, lililokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wilayani Dowa, lilifanywa kambi ya wakimbizi.

Kambi na uwanja haviko mbali. Hata hivyo wapo Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliokaa Dzaleka miaka zaidi ya kumi bila kuukanyaga uwanja huo, ingawa kwao ndio mlango wa kuhamia Kanada, Australia au Marekani.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 jengo la abiria lilipanuliwa kwa msaada wa Japani. Humo msafiri hupimiwa mizigo, hupewa kadi ya kupandia ndege, hupita kwa maofisa wa uhamiaji, kisha hukaguliwa. Msindikizaji hafiki huko. Basi mama mwenye watoto na amalize kuagana kambini, asingoje mlangoni, mahali penye msongamano. Mfuko wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, wenye karatasi za familia, ushikwe mkononi na mtu mzima mmoja, wala usitiwe ndani ya sanduku. Bahasha iliyofungwa isifunguliwe. Watoto wavalishwe sweta, maana ndani ya ndege mna baridi ambayo wengi hawakuitazamia.

Liko jambo zito zaidi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokwisha kupangwa katika nchi nyingi zikafutwa. Ikitokea hivyo, aliyeuza sufuria na magodoro mapema hurudi kwenye sakafu tupu. Kwa maoni yetu, vyombo visiuzwe kwa kuitwa usaili, wala kwa kupimwa afya. Godoro litoke siku ya basi, tena ni afadhali aachiwe ndugu anayebaki.