Nyumba Zinenwazo Kuwa na Mizimu Katika Nchi ya Mbinga na Pwani ya Nyasa

Mwalimu apelekwaye kufanya kazi katika milima ya Mbinga, au chini katika pwani ya Ziwa Nyasa, aweza kuonyeshwa nyumba kuukuu ya zama za Wadachi isiyokaliwa na mtu, akaambiwa ya kuwa humo hamlaliki. Wengine hucheka, wengine hukemea. Sisi twaona imempasa kwanza kusikiliza kwa makini jina alilolitumia msemaji. Maana majina ya vitishavyo ni mengi, wala hayana maana moja.

Jini na shetani ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Jini hakuwa mtu kamwe. Hana ukoo wala kaburi, naye aweza kukaa katika nyumba yo yote na mbuyu wo wote. Mzuka ni kitu kizukacho ghafula, kikamtisha mpitaji, kisha kikatoweka. Pepo humpanda mtu, hata apungwe kwa ngoma. Lakini mzimu ni wa mtu aliyekufa. Shina la neno hili twalisikia katika kuzimu, na katika zimwi la hadithi. Wangoni na Wamatengo husema mahoka, yaani wazee waliotangulia, wawajuao watoto wao na kutaka kukumbukwa nao.

Tena mwalimu wa pwani ya Nyasa na ajihadhari. Sisi twasema Roho Mtakatifu, bali katika Biblia ya Kichewa huitwa Mzimu Woyera. Neno alionalo Mswahili kuwa la kutisha, jirani yake avukaye ziwa hulitumia katika sala.

Basi asemaye kwamba nyumba ina majini amesema habari ya hofu yake tu. Asemaye ina mizimu, au mahoka, amesema habari ya watu: ya kuwa pana wafu hapo, na labda ya kuwa hawakuzikwa kwa heshima wala kuliliwa na ndugu zao.

Na nchi hii haikukosa wafu wa namna hiyo. Katika vita vya Maji Maji, vya 1905 hata 1907, misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Kisha Wadachi nao wakateketeza vijiji na vyakula, njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa Gama na wakuu wengine wengi wa Wangoni walinyongwa pale Songea, wakatiwa katika kaburi moja. Songea Mbano alinyongwa baada yao, akazikwa peke yake; na wazee husimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Udachi.

Vita vya pili vilianzia ziwani. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Kiingereza, Gwendolen, iliingia Liuli, bandari ambayo Wadachi waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake lifananalo na sanamu ya Misri. Ikaipiga mizinga meli ya Kidachi, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wake alikuwa hajapata hata habari ya vita. Mwezi wa Mei 1915 Waingereza wakarudi, wakashusha askari.

Mambo hayo ya Liuli yameandikwa mara nyingi, kwa kuwa ni ya meli na manahodha. Lakini kabla ya kwisha vita vile katika 1918, wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika Afrika ya Mashariki, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na wengi wakaachwa kando ya njia pasipo jina. Ndugu zao hawakuonyeshwa kaburi. Si ajabu, basi, wafu wakitajwa penye kuta za wale waliowachukua.

Wala neno hili halijapita. Mwezi wa Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Songea Mbano. Rais na wazee wa ukoo walikutana katika shauri moja: ya kuwa mfu ana haki kwa walio hai.

Kwa hiyo, mwalimu atakaye kuizuru nyumba ya namna hii na aende mchana, pamoja na mzee wa mahali, baada ya kuomba ruhusa. Asiokote kitu. Na aulize: Nani walioyabeba mawe haya? Nani walioingizwa humu wasitoke? Ndugu zao wako wapi? Majibu na ayaandike katika lugha ile ile ya msemaji, mahoka yakibaki mahoka. Akiisha kufanya hivyo, ndipo atakapojua kama mbele yake pana ushirikina wa kukanywa, au msiba ambao haujapata matanga.