Daktari mwanagenzi na maradhi ya sehemu za siri

Katika mtaa wa Newtown, kaskazini ya katikati ya jiji la Birmingham, mgonjwa huanza kwa daktari wa familia, ambaye huenda bado yumo mafunzoni. Mwanamke anayewashwa sehemu za siri humweleza yeye kwanza. Suala ni iwapo daktari ataomba kutazama, au ataandika dawa ya fangasi bila ya kutazama.

Hapo ndipo jinsia ya daktari inapoingia. Wagonjwa wanawake huwakataa wanafunzi wa kiume mara nyingi zaidi kuliko wa kike katika uchunguzi wa aina hii. Ni haki yao. Lakini anayekataliwa mara kwa mara huhitimu akiwa ameona wagonjwa wachache, na ujasiri wa kutibu haupatikani vitabuni. Daktari wa kike naye huweza kusita mbele ya mwanamume, ingawa hilo halizungumzwi sana.

Chukua mfano wa maradhi yaitwayo laikeni sklerosasi. Hayaambukizi. Ngozi hugeuka nyeupe na nyembamba, huwasha hasa usiku, na makovu hubadili maumbile. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, lakini pia wasichana wadogo na wanaume wasiotahiriwa. Tiba yake ya kwanza ni malhamu kali ya steroidi. Yasipotibiwa, asilimia ndogo ya wanawake, chini ya 5, hupata saratani.

Kwenye ngozi nyeusi, weupe huo hudhaniwa kuwa ni mbalanga. Kwa familia zenye asili ya Afrika Mashariki kuna hatari nyingine: makovu yanaweza kufananishwa na ukeketaji, na kwa watoto yamewahi kudhaniwa ni dalili za kunajisiwa. Tangu Oktoba 2015, daktari wa England na Wales anayeona dalili za ukeketaji kwa msichana aliye chini ya miaka 18 analazimika kuarifu polisi. Asiyezoea kutazama anaweza kumshuku mzazi asiye na hatia, au kumwacha mtoto aliyedhuriwa.

Mwaka 2025, kwa mara ya kwanza, madaktari wanawake waliosajiliwa Uingereza waliwazidi wanaume. Hilo pekee halitoshi, kwani zamu haimchagulii mgonjwa daktari. Baadhi ya vyuo huwatumia wanawake waliofunzwa maalumu kuwaelekeza wanafunzi namna ya kuchunguza. Mgonjwa naye, awe mwanamke au mwanamume, anapaswa kupewa nafasi ya kuwa na shahidi chumbani, hata kama daktari ni wa jinsia yake.