RAM ya Seva Imejaa? Soma Hii Kabla Hujalipia Kubwa Zaidi

Umeingia kwenye seva yako usiku, ukaandika amri ya kuangalia RAM, ukakuta kati ya GB 8 zimebaki MB 300 tu. Moyo unaruka. Kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni kuhamia kifurushi kikubwa zaidi cha seva, na bili ya kila mwezi inapanda.

Subiri kwanza. Mara nyingi hiyo seva haina tatizo lolote.

Linux haipendi RAM ikae bure

Linux, ambayo ni ya ukoo wa Unix na ndiyo inaendesha seva nyingi duniani, ina tabia moja. Kila faili inalosoma kwenye diski, inabaki na nakala yake kwenye RAM. Hiyo ndiyo kache. Faili likihitajika tena linatoka kwenye RAM papo hapo, bila kurudi kwenye diski ambayo ni ya polepole.

Ni kama mama ntilie anayeweka chumvi, mafuta na vitunguu mezani karibu yake badala ya kwenda stoo kila akipata mteja. Meza inaonekana imejaa, lakini sahani zikija anasogeza vitu na nafasi inapatikana. Kache nayo iko hivyo hivyo. Programu ikitaka RAM, Linux inaifuta kache na kuipa nafasi.

Angalia safu sahihi

Andika `free -h`. Watu wengi wanakimbilia safu ya `free`, kumbe ya kutazama ni `available`. Hiyo ndiyo inakadiria RAM ambayo programu mpya zinaweza kupata bila seva kuanza kuhangaika.

Tuseme kwenye ile seva ya GB 8 unaona hivi:

- `free`: MB 300
- `buff/cache`: GB 5.4
- `available`: GB 5.3

Hapo uko salama kabisa. Programu zako zinatumia kama GB 2 tu, iliyobaki ni kache. Usiilipie RAM ambayo tayari unayo.

Na ile amri ya `drop_caches` ambayo watu wanapeana ili "kusafisha RAM"? Achana nayo. Ukifuta kache, seva inalazimika kusoma kila kitu upya kutoka kwenye diski, na wateja wako ndio wanaosubiri.

Sasa lini uogope?

Kuna dalili tatu za kweli.

1. `available` inakaribia sifuri na inabaki hapo. Hii haina mjadala, RAM imeisha kweli.

2. Swapu inafanya kazi muda wote. Swapu ni sehemu ya diski inayotumika RAM ikizidiwa. Andika `vmstat 1` na utazame safu za `si` na `so`. Mstari wa kwanza uruke, maana ni wastani tangu seva iwashwe. Namba zikiwa sifuri au zikiruka mara moja moja, tulia. Zikiwa kubwa kila sekunde, ndiyo maana tovuti yako inajikokota.

3. Programu zinakufa zenyewe. RAM ikiisha kabisa, kerneli ya Linux inachagua programu moja na kuiua ili seva nzima isianguke. Kwa kawaida inachagua ile inayokula RAM nyingi, na mara nyingi hiyo ni hifadhidata, yaani pale pale zilipo oda na malipo ya wateja wako. Kuhakikisha, andika `sudo dmesg -T | grep -i "killed process"`. Ukiona jina la programu na saa iliyouawa, umeshapata jibu la "mbona tovuti ilizima saa nane usiku?"

Mtafute mlaji

Andika `ps aux --sort=-%mem | head`. Programu zinazokula zaidi zitakaa juu. Tazama safu ya `RSS`, ambayo ni RAM inayotumika kweli. `VSZ` inaweza kuonyesha namba ya kutisha, lakini sehemu kubwa yake ni nafasi iliyoombwa tu. Pia usijumlishe `RSS` zote. Programu kama PostgreSQL zina sehemu ya RAM inayotumiwa na michakato mingi kwa pamoja, kwa hiyo utaihesabu mara nyingi.

Kuna walaji wa aina mbili. Wa kwanza ni mipangilio mibovu. Ukiruhusu michakato 100 ya PHP na kila mmoja unakula MB 60, siku wateja wakijaa unahitaji GB 6 kwa PHP peke yake, na hifadhidata bado haijagusa kitu. Dawa ni kupunguza `pm.max_children` hadi hesabu ikae ndani ya RAM uliyonayo.

Wa pili ni RAM inayovuja. Programu inachukua RAM na hairudishi. Utaijua kwa sababu `RSS` yake inapanda siku hadi siku, hata usiku wakati hakuna wateja. Kuiwasha upya kunakupa nafuu ya siku chache tu. Dawa ni kuisasisha au kurekebisha kodi yake. Ukiongeza RAM hapo, umejaza ndoo iliyotoboka.

Hata simu yako iko hivyo

Android nayo inatumia kerneli ya Linux. Kwa hiyo ile tabia ya kufunga programu zote kila dakika ili "RAM ipumue" haikusaidii sana. Simu inaziacha makusudi ili zifunguke haraka, na ikibanwa inazifunga yenyewe.

Basi kesho ukiona RAM imejaa, anza na `available`, halafu swapu, halafu logi. Zote tatu zikikuonyesha kuna shida, hapo ndiyo utoe hela.