Mashine ya Kusaga Inapokataa Kuwaka

Mahindi katika vijiji vya Songea si haba. Kazi iko katika kuyasaga. Mama ametoka nyumbani alfajiri na debe la mahindi kichwani. Anafika mashineni, anakuta wenzake wamekaa chini. Mwendesha mashine anazungusha hendeli, jasho linamtoka. Mashine imekataa kuwaka. Mama atabeba debe lake mpaka kijiji kingine, au atatwanga mwenyewe. Fundi akiitwa kutoka mjini atataka nauli na malipo, hata kama kosa ni maji kidogo tu ndani ya mafuta.

Umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018, kutoka Makambako. Lakini mahali ambapo hakuna umeme, injini ya dizeli ndiyo inayosaga. Hapa tunaeleza injini ya silinda moja, ile inayowashwa kwa mkono.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huigandamiza hewa ndani ya silinda mpaka hewa inakuwa ya moto sana. Ndipo dizeli inaponyunyizwa ndani na nozeli, ikawaka yenyewe. Kwa hiyo injini inataka dizeli, hewa na mgandamizo.

Kabla ya kushika spana, tazama mambo madogo. Je, tangi lina mafuta? Je, koki ya mafuta imefunguliwa? Je, kishikio cha kuzimia kimerudishwa mahali pake? Usicheke. Mtu anaweza kuzungusha hendeli asubuhi nzima, kumbe kishikio kiko bado pale pa kuzimia.

Unapozungusha, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine. Hendeli ikirudi nyuma kwa ghafla huvunja mkono.

Sasa zungusha, na mwenzako atazame bomba la moshi. Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki ndani. Kama moshi mweupe unatoka lakini injini haiwaki, dizeli inafika ila joto halitoshi.

Dizeli isipofika, mara nyingi sababu ni hewa. Tangi liliachwa likakauka, hewa ikaingia katika mpira wa mafuta. Jaza tangi. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya chujio la mafuta. Yatatoka mafuta yenye mapovu. Acha yatoke mpaka mapovu yaishe, kisha kaza. Halafu legeza nati ya bomba jembamba linaloingia kwenye nozeli. Zungusha injini pole pole mpaka mafuta yatoke bila mapovu, ukaze tena. Uso na mikono vikae mbali, kwa sababu dizeli inayotoka kwa nguvu kwenye nozeli hupenya ngozi.

Wakati wa mvua, shuku maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Toa mafuta kidogo chini ya chujio, yatie katika chupa nyeupe, uyaache yatulie. Kama kuna maji utayaona chini. Mwaga maji hayo mpaka itoke dizeli tupu. Tena dumu la dizeli lifunikwe, na mafuta yachujwe kwa kitambaa safi kabla ya kutiwa.

Chujio la hewa nalo lisisahauliwe. Nyumba ya mashine imejaa vumbi la unga, na unga huo huziba njia ya hewa. Lifungue, ulisafishe. Usimwage petroli mahali pa kuingizia hewa ili kulazimisha injini iwake. Inaweza kulipuka.

Moshi mweupe ukiendelea, pima mgandamizo. Shusha kishikio kilicho juu ya kichwa cha injini, halafu zungusha hendeli pole pole. Inapasa uone ugumu, kama pampu ya baiskeli uliyoziba tundu lake kwa kidole. Ikizunguka kwa wepesi tu, hewa inavuja kwenye valvu au kwenye ringi za pistoni. Kazi hiyo ni ya fundi. Mwandikie hivi:

"Injini inatoa moshi mweupe. Mafuta yanafika, hayana maji. Chujio la hewa ni safi. Hendeli inazunguka kwa wepesi."

Akisoma hayo, atajua vifaa vya kubeba kabla hajapanda gari.