Saa ya mkanda wa chuma si ya suti peke yake

ANAYETEMBEA kutoka Mnara wa Saa kwenda Kariakoo kwa Barabara ya Uhuru hupita kwanza madirisha ya maduka, kisha, baada ya Mnazi Mmoja, meza za wamachinga. Kote huko atakuta bidhaa ile ile: saa ya mkono yenye mkanda wa chuma unaong'aa. Dukani atauziwa kama saa ya ofisini na ya harusi. Mezani ataambiwa, "Bosi, hii inaenda na kila kitu." Nani mkweli? Mwenye jinzi, fulana na raba anataka kujua kabla hajatoa fedha zake.

Safu hii inaona kuwa wa mezani ana hoja. Kwa joto la Dar es Salaam, chuma kinafaa nguo za kushindia kuliko ngozi. Mkanda wa ngozi hunywa jasho, hukakamaa, halafu hunuka. Anayepanda daladala mchana wa Februari hahitaji kuelezwa. Chuma hupanguswa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, mambo yakaisha.

Wala si mtindo wa jana. Seiko 5 ya Japani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, ilitengenezwa kwa ajili ya kuvaliwa kila siku. Mwaka 1972 kampuni ya Audemars Piguet ya Uswisi ilitoa Royal Oak, saa ya chuma iliyouzwa ghali kuliko saa nyingi za dhahabu, na matajiri wakaivaa mapumzikoni.

Kinachomfanya mtu aonekane ameazima saa ni mkanda kulegea hadi saa inateleza kuelekea kwenye kiwiko. Fundi saa huondoa pini na kupunguza vipande kwa dakika chache. Kidole kimoja kipite chini ya mkanda, inatosha. Dai vipande vilivyotolewa, maana ukinenepa utavihitaji. Muuzaji anayepunguza mkanda hapo hapo mezani anastahili kupata mteja kuliko jirani yake anayesema "nenda kwa fundi".

Kuhusu rangi, nyeupe ndiyo salama. Njano inayometameta juu ya pensi na malapa hupiga kelele, na wanaume wa Kiislamu wanaojiepusha na dhahabu hawaitaki hata ikiwa ni rangi tu. Mng'ao uliofifishwa kama uliopitishwa msasa hukaa vizuri zaidi na jinzi.

Lakini hasara kubwa haitokani na mitindo. Inatokana na madini. Mwandishi wa safu hii aliwahi kununua saa ya njano mezani. Wiki chache baadaye kifundo cha mkono kilikuwa na pete ya kijani. Kilichodhaniwa chuma kilikuwa madini ya bei rahisi yaliyopakwa rangi. Chuma kisichoshika kutu hakibambuki. Kabla ya kulipa, fungua kifungo utazame upande wa ndani, kisha kagua kingo za vipande karibu na pini, ambako rangi huanza kutoka. Vipande vilivyo vizito na vilivyojaa ni dalili njema. Bati lililokunjwa huwa jepesi na hung'ang'ania vinyweleo. Usipime kwa sumaku, kwani inaweza kuvuruga mwendo wa saa isiyotumia betri. Mwenye ngozi inayowashwa na nikeli awe mwangalifu zaidi. Nchi za Ulaya ziliiwekea madini hayo mipaka katika vitu vinavyogusa ngozi mwaka 1994.

Jina kubwa la Uswisi kwa bei ya fulana mbili ni bandia, hata muuzaji akiapa. Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa za namna hiyo kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, lakini mnunuzi ndiye anayebaki na saa.

Bei mezani haijabandikwa. Huanzia mdomoni mwa muuzaji, hivyo zunguka meza tatu kwanza. Na wakati wa kurudi, ukikaa dirishani kwenye daladala, ivue uitie mfukoni mpaka gari litoke Msimbazi.